Karatasi inasema jongo, mikono inasema baridi yabisi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kijijini, huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nina mgonjwa wa miaka 36, mama wa watoto watatu, anauza maandazi. Kwa miezi minne sasa mikono yote miwili inamuuma na kuvimba, alfajiri ndiyo inazidi. Amezunguka maduka ya dawa, kisha kwetu. Kila mwezi anachomwa diklofenaki, anapewa na vidonge, anapata nafuu siku chache halafu anarudi. Tulimpima: RF (kipimo cha damu cha baridi yabisi) hasi, asidi ya yuriki (inayohusishwa na jongo) juu kidogo, ESR (kipimo cha uvimbe mwilini) 58, iko juu. Mwenzangu anasema ni jongo, tumpe alopurinoli ya kushusha asidi hiyo. Ndugu zake wanasema ni baridi ya alfajiri na maji. Mimi nahisi ni baridi yabisi, yaani kinga ya mwili inashambulia viungo, ila hiyo RF imenivunja nguvu. Hospitali yenye bingwa iko mbali na nauli ni tatizo. Je, nikijiridhisha, naweza kumwanzishia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, mwenyewe hapa hapa?

JIBU: Marahaba, tabibu. Nikujibu mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi: hisia yako ina uzito kuliko karatasi ya maabara, na methotreksati usimwanzishie peke yako. Katikati ya hayo mawili kuna kazi kubwa ambayo ni ya kwako, si ya bingwa.

Nianze na mikono yake, maana barua yako imetaja vipimo vitatu lakini haijaniambia ulipoishika mikono ulikuta nini. Sikulaumu. Tukiwa na foleni ya watu 60 nje, karatasi ndiyo huwa rahisi kusoma. Lakini ugonjwa huu hugunduliwa kwa vidole vya mganga kabla ya maabara.

Mpe mkono wa salamu. Sisi ni watu wa kusalimiana kwa mikono, na mgonjwa wa viungo utamjua hapo hapo: anakupa ncha za vidole, au anakupa kifundo cha mkono badala ya kiganja. Kisha shika kiganja chake kwa upande, ukizizunguka konzi nne (vifundo vya mizizi ya vidole), ukamue taratibu kuelekea katikati. Mwenye viungo vilivyovimba kwa ndani atakunja uso kabla hujamaliza. Fanya hivyo hivyo kwenye nyayo, pale vidole vinapoota, kwa sababu miguu huanza mapema na hakuna anayevua viatu asipoambiwa.

Halafu pita kifundo kimoja kimoja kwa dole gumba na cha shahada. Unatafuta jambo moja: uvimbe ni laini au ni mgumu? Kiungo kilichochakaa kwa umri au kazi kinavimba kwa mfupa, ukikibonyeza ni kokwa la embe. Kiungo kinachoshambuliwa na kinga ya mwili kinavimba kwa utando wa ndani na maji, ukikibonyeza kinabonyea kama ndizi iliyoiva ndani ya ganda lake. Na angalia ni vifundo vipi. Baridi yabisi inapenda konzi, vifundo vya katikati ya vidole na kifundo cha mkono, kulia na kushoto kwa pamoja. Vifundo vya mwisho, vilivyo karibu na kucha, kwa kawaida inaviacha. Bibi wa miaka 70 mwenye vinundu vigumu karibu na kucha ana jambo jingine kabisa, na wala hahitaji safari ya kwa bingwa.

Sasa ukakamavu wa asubuhi. Vitabu vinasema zaidi ya nusu saa, mara nyingi zaidi ya saa nzima. Ukimuuliza mtu "mikono inakakamaa kwa dakika ngapi?" atakupa namba yoyote ili akuridhishe. Muulize hivi: ukiamka, mikono inalegea kabla chai haijachemka, au mpaka watoto wameshakwenda shule? Unaweza kufunga kanga mwenyewe? Kusonga ugali, kukamua nguo, kukuna nazi? Mwenye magoti yaliyochakaa anakuwa mzito hatua chache tu akiinuka kitini, kisha anaumia zaidi kadiri anavyotembea. Huyu wako ni kinyume chake: akipumzika anazidi, akijishughulisha analegea.

Ukikuta uvimbe laini kwenye vifundo vidogo vya mikono yote miwili, ukakamavu mrefu wa asubuhi, na muda uliozidi wiki 6, umeshapata ulichokuwa unakitafuta. RF isikuvunje nguvu. Kati ya wagonjwa 10 wa baridi yabisi, wawili au watatu RF yao huwa hasi, na mwanzoni mwa ugonjwa huwa hasi kwa wengi zaidi. Upande wa pili, RF inaweza kuwa chanya kwa mwenye kifua kikuu, homa ya ini, malaria, au kwa mzee asiye na shida yoyote. Kipimo hicho kinaongeza uzito kwenye mizani iliyokwisha kuinama, hakiiinamishi chenyewe. Mwongozo wa Uingereza, kwa mfano, unataka mtu mwenye vifundo vidogo vya mikono vilivyovimba bila sababu inayojulikana apewe rufaa ya haraka hata kama RF ni hasi na ESR iko kawaida. Sisi hatuna mabingwa wa kutosha kwa mwendo huo, lakini mantiki yake haitegemei utajiri: kinachompa mtu rufaa ni kiungo kilichovimba.

Kuhusu jongo, mwambie mwenzako kwa upole kwamba mwanamke ambaye bado anapata hedhi kupata jongo ni nadra mno, labda awe na figo mbovu au dawa fulani zimechangia. Jongo la kawaida ni la mwanaume wa makamo, mara nyingi mwenye presha anayetumia vidonge vya kukojoza, anayeamshwa usiku wa manane na kidole gumba cha mguu kinachowaka moto, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Baada ya wiki moja kimepoa kama hakuna kilichotokea. Haliji kwenye konzi zote za mikono miwili likakaa miezi minne. Asidi ya yuriki kupanda kidogo ni jambo la kawaida kwa watu wengi ambao hawatapata jongo maisha yao yote, na kwa mwenye jongo la kweli kipimo kinaweza kusoma kawaida siku ile ile ya maumivu. Alopurinoli si dawa ya kujaribia. Kuna watu inawababua ngozi vibaya hadi kulazwa, na kumwingiza mama huyu kwenye hatari hiyo kwa ugonjwa asionao si haki.

Na ndugu zake msiwagombeze. Jina lenyewe la ugonjwa limetuponza: ukisema "baridi yabisi" nani hatafikiri ni baridi? Maji ya alfajiri yanaongeza maumivu, hilo ni kweli, lakini hayauleti ugonjwa. Mimi huwaambia wagonjwa hivi: askari wa mwili wako wameacha kulinda mlango, wamegeuka wanabomoa bawaba. Wanaelewa.

Kabla ya kuandika rufaa, kuna wezi, yaani magonjwa yanayofanana na baridi yabisi, inabidi uwaondoe, na karibu wote unawaweza kituoni kwako. Wa kwanza ni lupasi, ambapo kinga hushambulia ngozi, viungo na figo, kwa sababu umri na jinsia ni vile vile. Muulize vidonda vya mdomoni, nywele kukatika, vipele usoni vinavyochomwa na jua, kisha mpime mkojo kwa kijiti. Protini kwenye mkojo wa mwanamke kijana mwenye viungo vinavyouma inabadilisha kila kitu, maana hapo mnazungumzia figo, na rufaa si ya mwezi huu bali ya wiki hii. Kijiti hicho ni bei ndogo, na ndicho ninachokikosa zaidi kwenye barua za rufaa ninazopokea.

Mpime VVU, maambukizi hayo yenyewe huleta maumivu ya viungo na yanaweza kuchochea psoriasisi (ugonjwa wa ngozi yenye magamba) iliyokuwa imelala, kwa hiyo tazama pia kichwani, viwikoni na kucha zake. Pima homa ya ini B, na homa ya ini C kama kipimo kipo. Uliza kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito. Kama anatoka jamii ya wafugaji na anakunywa maziwa mabichi, fikiria bruselosi, ingawa hiyo hupenda zaidi mgongo, nyonga na magoti. Na uliza siku ya kwanza ilikuwaje. Kama ilianza ghafla kwa homa kali na majirani nao waliugua, huenda ni chikungunya, ugonjwa ambao jina lake limetoka kwetu: ni neno la Kimakonde la mtu kujikunja kwa maumivu, tangu mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za juu za Wamakonde. Wengi hupona ndani ya wiki chache, wengine viungo vinabaki kuuma miezi mingi na kuiga baridi yabisi kwa kila kitu. Lakini uvimbe wa miezi minne bado unastahili rufaa, hata kama virusi ndio walioanzisha.

Yupo mmoja ambaye hasubiri barua wala nauli: kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, mgonjwa ana homa na hataki hata kukisogeza. Hicho kina usaha ndani mpaka ithibitishwe vingine, na kinaharibika kwa siku chache tu. Anaondoka siku hiyo hiyo. Kumbuka hilo kwa mama huyu pia siku za mbele, kwa sababu viungo vilivyokwisha kuugua huingiliwa na bakteria kirahisi zaidi. Ukimwona viungo vyote vimetulia isipokuwa goti moja linalowaka, usiseme "ni ugonjwa wake ule ule".

Turudi kwenye diklofenaki. Inapunguza maumivu, sibishi. Haizuii kiungo kuliwa. Mfupa wa mgonjwa asiyetibiwa unaweza kuanza kumong'onyoka ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na dawa za kuurudisha hatuna. Wiki 12 za kwanza ndizo zenye faida kubwa zaidi, yeye amezipita, ila mwezi wa nne bado ni mapema ukilinganisha na wale tunaowapokea vidole vikiwa vimeshapinda upande. Kibaya ni kwamba sindano ile ya kila mwezi inamfanya aonekane anatibiwa. Wewe unatulia, yeye anatulia, na kifundo kinaendelea kulika. Sindano na vidonge vya diklofenaki kwa pamoja, mwezi baada ya mwezi, vinamletea vidonda vya tumbo, presha na matatizo ya figo. Acha sindano. Kama presha na kreatinini (kipimo cha figo) ziko sawa, mpe aina moja tu ya dawa hizo kwa kinywa, baada ya chakula, pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo, huku ukijua ni daraja la kumvusha mpaka afike kwa bingwa.

Na prednisoloni, ile steroidi? Najua inakujaribu, maana hakuna dawa inayokupa heshima haraka kama hiyo. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa kotisoni, steroidi ya familia hiyo hiyo, mwanamke ambaye viungo vilimlaza kitandani, na baada ya siku chache alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wakapewa tuzo ya Nobel. Kisha uso ukaanza kuvimba, mifupa kuwa laini, vidonda kufunguka, na hamu yote ikageuka tahadhari. Sisi tunairudia historia hiyo kila siku kwenye bahasha za kaki zenye vidonge vya rangi tatu visivyo na jina, na kwenye unga wa "mitishamba" unaoponya ajabu ndani ya siku mbili. Muulize mama huyu bila kumtisha kama amewahi kutumia vitu hivyo. Ukiona uso umejaa kama mwezi, presha imepanda na mikono imekonda, usimwachishe ghafla: mwili uliozoea steroidi kwa wiki nyingi ukinyimwa kwa siku moja unaweza kuzimia.

Msimamo wangu ni huu. Andika kwanza uvimbe uliouona, kifundo kwa kifundo, na kwa ruhusa yake piga picha za mikono juu na chini. Steroidi ikitangulia, bingwa atakuta mikono mizuri na kumrudisha nyumbani. Hayo yakiwa tayari, kama tarehe ya kuonana naye ni wiki nyingi mbele na umeshaondoa kifua kikuu, usaha na homa ya ini, mpigie daktari wa hospitali ya wilaya au mkoa mkubaliane: prednisoloni miligramu 7.5 hadi 10 asubuhi, kwa muda uliowekewa mwisho. Dozi hiyo inatosha kumrudisha jikoni. Usiongeze kwa sababu ameomba.

Barua ya rufaa nayo iseme kitu. "Maumivu ya viungo, naomba msaada" itamweka kwenye foleni ya magoti ya wazee. Andika: mwanamke wa miaka 36, uvimbe laini wa konzi ya pili na ya tatu na vifundo vya mikono, pande zote mbili, miezi minne, ukakamavu wa asubuhi zaidi ya saa moja, ESR 58, RF hasi, mkojo hauna protini, VVU na homa ya ini B hasi, nashuku baridi yabisi. Ambatisha FBP (hesabu kamili ya damu), ALT (kipimo cha ini) na kreatinini. Ukizipima hapo umemwokolea safari nzima. Kama kuna njia ya picha ya kifua, nayo iende naye, maana methotreksati inaweza kugusa mapafu na ni vizuri kujua yalikuwaje mwanzo.

Sasa methotreksati yenyewe. Sikukatazi kwa sababu wewe ni tabibu na yule ni bingwa. Nakukataza kwa sababu uamuzi wa kuianza unahitaji mtu wa pili aliyeiona mikono ile ile na kukubali kuwa si lupasi wala si virusi, na kwa sababu ikikosewa inaua. Akikubali daktari wa hospitali ya mkoa, hata kwa simu na picha, na akaandika mpango, hapo wewe ndiye wa kumlea, na hakuna bingwa wa mjini atakayekushinda, kwa kuwa wewe unamwona kila mwezi.

Inamezwa mara moja kwa wiki. Kosa linaloua ni mgonjwa kuimeza kila siku kama alivyozoea vidonge vingine, au mtoa dawa mgeni dirishani kuandika "1x1" (kimoja kila siku) kwa mazoea. Chagueni siku isiyosahaulika: Mwislamu Ijumaa, Mkristo Jumapili, au siku ya gulio. Andika siku hiyo kwa jina kwenye pakiti, mpe dawa za wiki 4 tu, na mwambie arudie kwa mdomo wake kabla hajatoka. Vidonge vingi ni vya miligramu 2.5, kwa hiyo dozi ya kuanzia ya miligramu 10 ni vidonge vinne siku hiyo moja. Inapandishwa polepole kadiri daktari alivyoandika. Asidi ya foliki miligramu 5 ameze mara moja kwa wiki, siku tofauti na ile.

Kabla ya kidonge cha kwanza, kipimo cha mimba na mazungumzo ya kweli ya uzazi wa mpango, mume akiwepo kama mama mwenyewe anataka. Dawa hii inaharibu mimba. Akitaka mtoto, aseme miezi kadhaa mapema abadilishiwe: hidroksiklorokwini na salfasalazini zinaruhusiwa kwa mjamzito.

Na Septrin ikae mbali naye! Hapa kwetu ndiyo hatari kubwa, kwani inatolewa kwa kila kikohozi na kila mkojo unaouma. Kotrimoksazoli, ndiyo hiyo Septrin, na methotreksati zote zinabana foleti, vitamini ya kutengenezea damu, na zikikutana uboho unaweza kusimama kutengeneza damu. SP ya malaria nayo iko kundi hilo. Andika kwa kalamu nyekundu juu ya daftari lake la kliniki, maana siku atakayougua kikohozi huenda zamu si yako.

FBP, ALT na kreatinini zirudiwe kila wiki mbili hadi nne kwa miezi mitatu ya mwanzo, baadaye kila miezi miwili au mitatu. Akija na vidonda mdomoni, homa, kikohozi kikavu cha kubana pumzi, macho ya manjano au michubuko isiyo na sababu, asimeze dozi inayofuata. Pima damu siku hiyo na upige simu. Mengine ni ya kawaida: pombe aiache, presha na sukari uzitazame, na viungo visifungwe bali vifanyiwe mazoezi mepesi.

Umweleze pia kwamba dawa hii haileti nafuu kesho. Ni wiki 6 hadi 12. Asipoambiwa hilo, wiki ya tatu atarudi dukani kwa sindano yake. Na asipoambiwa kwamba akipona ni kwa sababu anaimeza, mwezi wa sita ataiacha.

Jambo la mwisho ni la maandazi, nalo limenikaa kichwani tangu nilipoisoma barua yako. Anakanda unga alfajiri, saa ambayo mikono yake ni mibovu kuliko saa zote. Mshauri akande jioni, mikono ikiwa imelegea, apunguze hamira na aache unga uumuke usiku kucha, alfajiri ibaki kukata na kukaanga. Sufuria la mafuta alinyanyue kwa viganja viwili au mtoto mkubwa amsaidie, kwa kuwa vidole vilivyokakamaa havishiki vizuri na mafuta ya moto hayangoji.